Maswali ya Wasomaji: Seva Kuukuu Haioni Diski Zake

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: seva inawaka, feni zinanguruma, taa za diski ni za kijani, lakini mfumo unaosakinishwa unadai hakuna diski, au uliokuwepo umekataa kuamka. Tumechagua barua tano. Seva za miaka ya 2008 hadi 2012 bado zinafanya kazi kubwa katika ofisi na shule nyingi za Uganda, na nyingi zinatupwa au kununuliwa vipuri visivyohitajika kwa sababu ya mpangilio wa dakika kumi.

Seva ya SACCO yetu ni HP ProLiant DL380 G7 yenye diski sita za SAS. Ilikuwa na CentOS 6, sasa tunataka Rocky Linux 9. Kisakinishi kinafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, na hapo ni patupu. Fundi ametuambia diski zimekufa, tununue nyingine. Je, ni kweli?
*Msimamizi wa kompyuta, Mbale*

Ndugu msimamizi, msinunue diski. Diski sita hazifi siku moja, tena siku ileile mliyobadilisha mfumo endeshi.

Kati ya diski zenu na mfumo kuna kadi ya RAID (teknolojia ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja), na katika DL380 G7 ni Smart Array P410i iliyojengwa kwenye bodi yenyewe. Mfumo hauongei na diski moja kwa moja. Unaongea na kadi kupitia draiva iitwayo hpsa, na kadi ndiyo inayozikusanya diski na kuzionyesha kama diski moja kubwa. Red Hat walipotoa toleo la 8 mwaka 2019 waliziondoa kadi za kizazi cha P410i kwenye orodha ya zile ambazo hpsa inakubali kuzishughulikia. Draiva imo, ila ikikutana na kadi hiyo inaipita. Rocky hufuata Red Hat hatua kwa hatua, kwa hiyo imerithi katazo hilo. CentOS 6 ilitoka kabla ya hapo, ndiyo maana haikuwasumbua.

Hakikisheni kwanza. Mkiwa ndani ya kisakinishi bonyezeni Ctrl+Alt+F2 mpate skrini nyeusi ya amri, kisha andikeni:

`lspci -nnk | grep -iA3 raid`

Mtaona namba `103c:323a`, na chini yake kwenye mstari wa Subsystem `103c:3245`. Hiyo ya pili ndiyo P410i yenyewe. Sasa tafuteni mstari wa `Kernel driver in use: hpsa`. Ukikosekana, kadi imeonekana lakini hakuna draiva iliyoishika, na jibu la fundi wenu limeanguka. Kama kadi yenyewe haionekani kabisa kwenye orodha, hilo ni tatizo la vifaa na ni jambo tofauti. Ctrl+Alt+F6 itawarudisha kwenye kisakinishi.

Njia rahisi ni kubadilisha usambazaji. AlmaLinux kuanzia 9.4 (2024) ilirudisha kadi nyingi zilizoondolewa na Red Hat, zikiwemo za hpsa, na mtu aliyezoea CentOS hatapotea humo. Debian 12 nayo inaitambua P410i bila kuombwa. Faili lake la netinst halifiki GB 1, na hilo ni jambo la kufikiriwa mnaponunua bando, kwa kuwa DVD kamili ya AlmaLinux 9 huwa ni makumi ya bando ndogo. Msichukue Debian 11 au ya nyuma yake: kadi ya mtandao ya G7 ni Broadcom inayotumia draiva ya bnx2, nayo inahitaji fimwea ambayo Debian ilianza kuiweka ndani ya faili lake rasmi katika toleo la 12. Kwa toleo la zamani mtakuwa na diski lakini hamna mtandao wa kupakulia mfumo.

Ikiwa programu ya SACCO inadai Rocky na si kingine, pakueni diski ya draiva ya hpsa kutoka ELRepo, hifadhi ya mtandaoni ya draiva za familia ya Red Hat, faili linaloanza na `dd-hpsa` na kuishia na `.iso`. Lazima lilingane na toleo dogo la Rocky yenu: la 9.4 kwa 9.4, la 9.5 kwa 9.5. Andikeni faili hilo kwenye flashi ya pili. Seva ikionyesha menyu ya kwanza bonyezeni Tab, nendeni mwisho wa mstari, acheni nafasi, ongezeni `inst.dd`, kisha Enter. Kisakinishi kitauliza draiva iko wapi; chagueni flashi ya pili, na diski zitajitokeza.

Wengi huangukia hapa: baada ya usakinishaji wanafurahi, miezi mitatu baadaye wanaendesha `dnf update`, kerneli (kiini cha mfumo) mpya inaingia bila draiva inayolingana nayo, na asubuhi seva imesimama. Kabla ya sasisho lolote sakinisheni `elrepo-release`, kisha `kmod-hpsa`. Katika `/etc/dnf/dnf.conf` hakikisheni `installonly_limit` si chini ya 3, ili kerneli ya zamani ibaki kwenye menyu kama mlango wa nyuma. Kazi hiyo ya kulinda draiva kila sasisho ndiyo inayotufanya tuipendekeze AlmaLinux kwanza.

Kabla ya yote hayo, nakala. Washeni seva kwa Debian 12 ya moja kwa moja kutoka flashi, isiyogusa diski, mnakili hesabu za wanachama kwenye diski ya nje, mfungue faili mbili tatu kuona zinasomeka. Na muwe macho na kitufe cha F8. Wakati wa kuwaka, HP huonyesha F8 mara mbili: ya kwanza ni ya iLO, usimamizi wa mbali, ya pili, baada ya mstari wa Smart Array, ni ya ORCA, mahali pa kuunda na kufuta RAID. Kwa tatizo lenu hakuna sababu ya kuingia ORCA. Anayefuta diski ya kimantiki humo akidhani "anaanza upya" anaifuta ramani ya data zote.

Mkifungua kifuniko, tazameni betri ya kache, kipakiti kilichounganishwa kwa waya na moduli ndogo ya kumbukumbu. Nyingi za umri huu zimevimba hadi plastiki imepasuka. Betri ikifa, kadi huacha kutumia kache ya kuandikia na seva inakuwa nzito sana wakati wa kuhifadhi. Mtu atawashauri mwashe kache bila betri, kwani amri yake ipo. Msikubali. Umeme ukikatika, miamala iliyokuwa ndani ya kache inapotea huku programu ikiamini imeshaandikwa. Nunueni betri, au kache ya aina ya FBWC inayotumia kapasita badala ya betri. Na msiiondoe moduli ya kache moja kwa moja: bila hiyo P410i haiwezi RAID 5, mpangilio unaovumilia diski moja kufa.

Mwisho wa barua mmeuliza kama mruke hadi toleo la 10. Prosesa za Xeon 5600 zinaishia kiwango cha x86-64-v2 (ngazi ya amri ambazo prosesa inazielewa), na Red Hat 10 inadai v3. AlmaLinux 10 ina toleo la pekee kwa v2. Walio na DL380 G5 yenye Xeon 5400 hawafiki hata v2; wao wabaki na Debian.

Tunachapisha mabango na kalenda Nasser Road. Tuna Dell PowerEdge R710 yenye PERC 6/i. Tumenunua diski nne za TB 4 kwa ajili ya kazi za wateja, lakini kila moja inaonekana kama TB 2. Muuzaji anasema si kosa lake.
*Mchapishaji, Kampala*

Muuzaji yuko sahihi. PERC 6/i, kadi ya RAID ya Dell, haiwezi kuhesabu zaidi ya TB 2 kwa diski moja, na hakuna fimwea itakayoliondoa hilo. Kadi inayofaa R710 ni PERC H700. Bei yake kwa iliyotumika ni ndogo kuliko thamani ya nusu ya diski mnayoipoteza, lakini usilipe kabla ya kuuliza kuhusu kebo. Tundu la PERC 6/i ni SFF-8484, pana na bapa. La H700 ni SFF-8087, fupi, lenye kibano cha chuma kinacholia "tak" likikaa. Kebo za zamani haziingii. Unahitaji mbili zenye SFF-8087 pande zote, za urefu wa R710.

Ukishaibadilisha, seva ikiwaka bonyeza Ctrl+R uingie kwenye menyu ya kadi. Kama kuna diski zilizokuwa chini ya PERC 6/i na zina data, zitaonekana kama usanidi wa kigeni. Chagua Import. Neno Clear liko jirani yake, nalo linafuta. Nakala iwe tayari nje kabla hujagusa chochote.

Halafu kuna ukuta wa pili wa TB 2, na huu hauhusu kadi. Jedwali la MBR, namna ya zamani ya kuorodhesha sehemu za diski, huhesabu vipande vya diski kwa biti 32, kila kipande baiti 512. Zidisha upate baiti 2,199,023,255,552, na hapo ndipo mwisho. Ukiunganisha diski nne za TB 4 kwa RAID 5 utapata TB 12, na MBR itaona sehemu ndogo tu. Tunayoipenda kwa seva za rika hili ni kugawanya ndani ya Ctrl+R yenyewe: diski pepe ya kwanza GB 60 kwa mfumo, ya pili yote iliyobaki kwa kazi za wateja. Ya kwanza inawaka kwa BIOS kama kawaida bila mabishano, ya pili unaiwekea GPT, jedwali jipya lisilo na ukuta huo. Siku ya kusakinisha upya unafuta ya kwanza tu, na mabango ya wateja hayaguswi.

Ukitaka diski pepe moja, iwekee GPT na utenge sehemu ya MB 1 yenye alama ya bios_grub mwanzoni, ili GRUB, programu inayoanzisha mfumo, ipate pa kukaa. Bila kipande hicho usakinishaji wa GRUB unashindwa. R710 ina pia UEFI katika F2, sehemu ya Boot Settings. Ukiichagua, iwe kabla ya kusakinisha. Kuigeuza baadaye kunaacha mfumo uliopo bila pa kuanzia.

Neno moja la ziada kuhusu RAID 5 kwa diski za TB 4: moja ikifa, kujenga upya kunachukua saa nyingi sana, na diski tatu zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, tena ni za umri mmoja. Kwa kazi zinazolipiwa na wateja sisi tungechagua RAID 10, diski zinazonakiliana mbili mbili, na kuridhika na TB 8.

Redio yetu ilikuwa na seva ndogo ya kawaida yenye diski ya SATA. Tumeinakili yote kwa Clonezilla kwenda Dell R610 yenye H700. Nakala imekamilika bila kosa, GRUB inaonekana, kisha inasubiri sana na kutoa `dracut-initqueue timeout` na kutuacha kwenye alama ya kuandikia amri.
*Fundi mitambo, Gulu*

Nakala yenu ni nzima. Kilichokosekana ni draiva katika hatua ya kwanza kabisa ya kuwaka.

GRUB husoma diski kwa msaada wa BIOS, kwa hiyo yenyewe haihitaji draiva. Inapakia kerneli pamoja na kifurushi kidogo kiitwacho initramfs, na kuanzia hapo BIOS haitumiki tena. Kerneli inatafuta ndani ya kifurushi hicho draiva ya kufikia diski. Dracut ilipokitengeneza kwenye seva ya zamani iliweka draiva za mashine ile tu ili kiwe chepesi. Ile ya SATA ipo, `megaraid_sas` ya H700 haipo. Kerneli inaisubiri diski isiyoweza kuiona.

Washeni upya, na kwenye menyu ya GRUB chagueni mstari wa mwisho wenye neno rescue. Kifurushi chake kina draiva nyingi zaidi, na mara nyingi mfumo utaamka. Ukishaamka:

`dracut -f --regenerate-all --no-hostonly`

Subirini imalize, washeni upya kwa kerneli ya kawaida. Kama rescue nayo imegoma, tumieni flashi ya usakinishaji ya toleo lilelile, chagueni kuokoa mfumo, ingieni kwa `chroot /mnt/sysroot` (toleo la 7 na la nyuma yake ni `/mnt/sysimage`), na muendeshe amri hiyohiyo. Kwa Debian na Ubuntu, andikeni `megaraid_sas` kwenye mstari wake ndani ya `/etc/initramfs-tools/modules`, kisha `update-initramfs -u -k all`.

Wanaopanga kuhama na bado hawajahama waendeshe amri hiyo kwenye seva ya zamani kabla ya kunakili. Inachukua dakika chache na inaokoa usiku mzima.

Angalieni pia `/etc/fstab`, orodha ya sehemu za diski ambazo mfumo hufungua unapowaka. Kama kuna mahali pameandikwa `/dev/sda1` badala ya UUID (namba ya kipekee ya kila sehemu), badilisheni. Amri `blkid` itawapa UUID zote. Hili linawabana hasa wenye HP za kizazi cha G5: draiva ya zamani cciss iliziita diski `/dev/cciss/c0d0p1`, lakini iliondolewa kwenye kerneli 4.14 na nafasi yake ikachukuliwa na hpsa, ambayo inaziita `/dev/sda1` kama diski nyingine yoyote. Ukitoka Debian 9 kwenda 10 jina linabadilika chini ya miguu yako.

Na kama diski za matangazo ziko kwenye kabati la nje linalochelewa kuamka umeme unaporudi, kwa Debian na Ubuntu ongezeni `rootdelay=30` ikiwa mfumo wenyewe umo humo. Kujaribu mara moja: bonyezeni `e` kwenye GRUB, nendeni mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, andikeni, kisha Ctrl+X. Hiyo inasahaulika ukizima. Kuifanya ya kudumu, andikeni ndani ya `/etc/default/grub` na muendeshe `update-grub`. Jaribuni daima kwa `e` kwanza. Kosa la herufi moja kwenye `e` linaisha kwa kuzima na kuwasha. Kosa lililohifadhiwa linawataka mtafute flashi.

Seva ya maabara ya shule ina Windows Server 2008 R2. Ilizimwa likizo yote. Tulipoiwasha ikatoa skrini ya bluu yenye 0x0000007B, na inajirudia. Hakuna aliyegusa kitu.
*Mwalimu, Arua*

Mwalimu, tunakuamini kwamba hakuna aliyegusa. Tazama tarehe ndani ya BIOS. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ya saa imekwisha na BIOS imesahau mipangilio yake yote. Mmoja wa mipangilio hiyo ni namna ya kuendesha SATA: IDE, AHCI au RAID. Windows ilisakinishwa kwa mmoja, sasa inaamshwa kwa mwingine, draiva inayohitajika haipakiwi mwanzoni, na 0x7B maana yake ni hiyohiyo: diski ya kuwakia haifikiki.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja kumaliza chaji iliyobaki. Betri ni CR2032, ya duara kama sarafu, volti 3, upana mm 20. Sukuma kilimi cha chuma pembeni kwa ukucha au kijiti cha plastiki, itaruka juu. Usiikwangue kwa bisibisi ya chuma kwenye bodi. Upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu. Kisha ingia BIOS, weka tarehe na saa, tafuta SATA Mode, na ujaribu chaguo moja baada ya jingine ukiwasha kila mara mpaka Windows iamke. Kujaribu AHCI na IDE hakudhuru data. Kama diski za shule zilikuwa zimeunganishwa kwa RAID ya bodi, chagua RAID kwanza, na menyu ikiuliza kama iunde mpya, kataa.

Ikishaamka, andika mpangilio huo kwa kalamu na ubandike karatasi ndani ya kifuniko. Saa isirukwe: ikiwa nyuma, vyeti vya tovuti vinakataliwa na kompyuta za wanafunzi zitashindwa kuingia kwenye domeni, kwa kuwa tofauti ya zaidi ya dakika 5 haikubaliwi kwa kawaida.

Ukitaka kwa makusudi kuhama kutoka IDE kwenda AHCI, fanya maandalizi Windows ikiwa bado inawaka: fungua regedit, nenda `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\msahci`, thamani ya `Start` iwe 0. Kwa RAID ya Intel fanya hivyo kwa `iaStorV`. Zima, badilisha BIOS, washa.

Nimeweka Debian kwenye ProLiant ya zamani. Baada ya GRUB skrini inakuwa nyeusi kabisa, ila taa za diski zinacheza.
*Msomaji, Jinja*

Taa zikicheza, mfumo umeamka. Kilichopotea ni picha. Chipu za picha za seva hizi ni dhaifu, na kerneli inapobadilisha namna ya kuonyesha, skrini nyingi za zamani zinashindwa kufuata. Bonyeza `e`, ongeza `nomodeset` mwisho wa mstari wa `linux`, Ctrl+X. Ikifaa, iweke ya kudumu kwa njia tuliyomweleza fundi wa Gulu.

Ikiwa badala ya weusi unaona mistari mingi yenye neno DMAR na hpsa ikijaribu kujirudisha, chaguo ni lingine: `intel_iommu=off`. Hutokea sana kwa wanaoweka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, yenye kerneli 6.8, kwa sababu humo IOMMU ya Intel, inayosimamia jinsi kadi zinavyofikia kumbukumbu, huja ikiwa imewashwa.